Mstari Usiohesabiwa

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa na karipio moja tu, na alilitumia kwa kila aina ya kosa. Mtu akipotea njia, akisimulia habari kichwa chini miguu juu, au akizidisha chumvi kwenye maharage, alimtazama kwa huruma na kumwambia, "Wewe umeanzia nyumbani." Nilipoolewa pale Nyabiyonza, mwaka mmoja baada ya vita vya Kagera, nilidhani ni msemo wa kwao Rwanda alikozaliwa. Kumbe ulikuwa msemo wa kibanja chake mwenyewe, shamba la migomba la nyumbani, na nje ya ua ule haukuwa na maana yoyote.

Nyumba ilikuwa juu kilimani, na migomba ilishuka kutoka nyuma ya jiko hadi barabarani. Kwetu Kibingo, kama kwa watu wengi, mgomba husimama unapotaka, na mwenye kibanja hupita katikati yake kama mgeni. Lakini baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya Uganda ujanani, akarudi na kamba na ugonjwa wa mistari. Alipanda migomba yake kwa kamba, mstari chini ya mstari, ikikata mteremko kwa upana. Majirani walisema mzee yule anaipanga migomba kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kisha akachimba mifereji miwili ya kuzuia maji ya mvua, kibanja kikawa vipande vitatu: cha juu, cha kati na cha chini. Kandokando ya mifereji akapanda milamula, ile miti myembamba ya mipaka ambayo hata ukiikata na kuichomeka tu ardhini, inaota.

Siku yangu ya kwanza ya kusafisha migomba nilichukua panga nikaanza nyuma ya jiko, maana ndiko kulikokuwa karibu. Mama mkwe aliniacha nimalize shina la kwanza, nikakata majani makavu yote, nikajisifu moyoni.

"Mkamwana," akasema, "umeanzia nyumbani."

"Nianzie wapi, mama?"

"Barabarani. Mlima unasafishwa ukiutazama usoni, huugeuzii makalio."

Tukashuka hadi chini kabisa. Mstari wa kwanza ulikuwa kando ya barabara, na nilipogusa shina lake nikatamka "moja," kwa sababu tangu utotoni nina tabia ya kuhesabu kazi ili iishe upesi. Akanikatiza. Ule mstari, akasema, ni wa wapita njia. Mtu akipita na njaa akakuta ndizi imeiva, anakula. Mwenye mgonjwa akihitaji majani, anakata. Hakuna anayepanda kilimani kuomba ruhusa. Tunausafisha kama mingine, ila hatuuhesabu.

"Lakini sisi ndio tunaotoka jasho," nikasema. Nilikuwa bibi harusi wa majuma machache, na mdomo wangu ulikuwa bado haujajua umehamia ukweni.

"Ulichokwisha kukigawa hukihesabu," akanijibu, na akainama kazini.

Kwa hiyo mstari wa pili kutoka barabarani ndio ulioitwa wa kwanza. Tuliusafisha kutoka upande wa jirani hadi mpaka wa pili, penye mikaratusi. Nilipofika mwisho nikageuka, nikaanza kutembea kurudi kwa jirani ili nianze ule uliofuata.

"Unakwenda wapi?"

"Kuanza mstari wa pili, mama."

"Na huko njiani utakuwa unafanya nini? Unatembea bure?"

Machoni pa mama mkwe hakukuwa na dhambi kubwa kama kutembea bure. Wizi ungeweza kusamehewa. Basi mstari wa pili tuliuanzia palepale kwenye mikaratusi tukarudi nao kwa jirani, wa tatu tukaenda nao tena kwenye mikaratusi, na wa nne tukarudi. Tulipovuka mfereji kuingia kipande cha kati, nikaendelea na hesabu yangu pale ilipoishia. Akaniambia niiache. Kila kipande kina hesabu yake, ukivuka mfereji unaanza upya. Cha chini tulikifanya kabla ya uji, cha kati baada ya uji, na cha juu jua likianza kuegemea. Nilimwona mama yule kama mtu mwenye masharti mengi kuliko kanisa. Lakini baada ya msimu mmoja nilikuwa nahesabu kama yeye bila kufikiri, na mtu akiniambia "shina la pili la mstari wa tatu baada ya uji," miguu ilikwenda yenyewe. Nalisema hili kwa kiburi, na kiburi chenyewe nimekitolea jasho.

Katika kibanja kile kulikuwa na shina moja ambalo mkungu wake hakuna aliyeukata ila mama mkwe. Aliliita injagi, na hakuwahi kulitaja kwa jina lingine wala kutuonyesha ni lipi. Alipoolewa kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, mama yake mzazi alimchimbia chipukizi la ndizi ya nyumbani, akaliweka na udongo wake ndani ya nusu ya chungu kilichovunjika, akamtwisha kichwani. Alikuja nalo hivyo mpaka Nyabiyonza. Mumewe akalipanda na kigae chake chote, kwa sababu mke mpya alikataa udongo wa kwao utenganishwe na mzizi. Miaka ikapita, kwao kukawa na machafuko, ndugu wakatawanyika, mama yake akafa na kuzikwa mahali ambapo hakupatikana mtu wa kumwonyesha. Injagi ndiyo iliyobaki. Ikipikwa ilikuwa laini na ya manjano iliyokolea, na harufu yake ilifika mpaka uani. Lakini kabla haijazaa, huwezi kuitofautisha na jirani zake. Wapo wanaojidai kwamba wanaweza. Nimewaona wakikosea.

Kisha wakaja fukusi. Wale wadudu walitoboa migomba chini kwenye mashina, na katikati ya miaka ya themanini ilifika hatua mvua ndogo ikinyesha na upepo, asubuhi unakuta migomba imelala. Wahenga wanasema mgomba haushindwi na mkunguwe. Ya kwetu ilishindwa, na mikungu yenyewe ilikuwa midogo kama ya kuchezea watoto. Wakati huohuo mama mkwe alianguka kwenye utelezi akaumia nyonga, na macho yake yakaingiwa na utando mweupe. Akawa mtu wa kitandani na wa kigoda cha mlangoni. Kibanja chote alikuwa nacho kichwani tu.

Mume wangu na mdogo wake wakakubaliana kung'oa kila kitu. Bwana shamba alikuwa amewaambia ardhi ipumzike kwa maharage, ndipo wapande upya miche safi kutoka Rugera. Uamuzi ulikuwa sawa, hata mimi niliuunga mkono. Vibarua waliahidi kuja Jumatatu. Jumamosi mama aliwaita wanawe wote wawili kando ya kitanda.

"Ng'oeni," akasema. "Lakini kwanza mnitolee chipukizi la injagi. Mstari wa nne, shina la tatu. Chini yake kuna kigae cha chungu cha mama yangu. Mkikiona kigae mtajua mmefika."

Nilikuwa jikoni namenya ndizi, mlango uko wazi. Nikawaona wametoka na majembe, wamepita nyuma ya jiko, wameanza kuhesabu: mmoja, miwili, mitatu, minne. Nikasema kimoyomoyo, haya, wameanzia nyumbani. Wana wa mama yule, waliozaliwa na kukua katika kibanja kile! Lakini wavulana hawakuwahi kusafisha migomba pale. Walichunga mbuzi, walikwenda shule, walikata mikungu waliyotumwa kukata. Hesabu ya mama yao ilikuwa imepita kando ya masikio yao.

"Shemeji," nikaita, "hapo sipo. Mama anahesabu kutoka chini."

"Shemeji, sisi tumezaliwa hapa," mdogo wa mume wangu akanijibu kwa upole ule unaoudhi. "Wewe angalia chungu."

Nikaangalia chungu. Walichimba shina la tatu kutoka kulia, hakuna kigae. Wakachimba la tatu kutoka kushoto, hakuna kigae. Wakakata chipukizi lililokuwa zuri kidogo wakampelekea. Mama akanyoosha mkono.

"Kigae kiko wapi?"

Mume wangu ni mtu mkweli, akatazama miguu yake. Mdogo wake akasema, "Mama, ni miaka mingi. Nadhani kimeoza."

"Kimeoza," akasema mama. "Tangu lini chungu kikaoza? Mama yangu alikichoma kwa moto, mwanangu, hakukifuma kwa majani."

Ingekuwa siku nyingine tungecheka. Lakini aliugeuzia ukuta uso, na mabega yake yakaanza kutikisika, mama yule ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku aliyoanguka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hatamlaumu mtu, kwamba macho yake ndiyo yaliyomsaliti, na kwamba kama injagi imekwenda basi na iende. Mdogo wa mume wangu akatoka nje akasimama. Nilimwonea huruma, maana alimpenda mama yake, ila alikuwa na haraka. Nilikuwa na hasira pia, sifichi. Niliepua chungu, nikafuta mikono, nikaingia chumbani.

"Mama, nakuuliza neno moja. Ulipokuwa ukifika kwenye injagi, ulikuwa umeshakunywa uji?"

Akageuka taratibu. "Uji ulikuwa bado," akasema. Akanishika kifundo cha mkono. "Ulikuwa bado, mkamwana."

"Basi lala kidogo. Nakuja nayo."

Nilichukua jembe na panga, nikamwita mume wangu kwa kichwa tu, akanifuata. Mdogo wake naye akafuata nyuma bila kuitwa. Tulishuka hadi barabarani. Nikasimama mbele ya mstari wa kwanza nikawaambia, "Huu ni wa wapita njia. Hauhesabiwi." Nikapanda mmoja juu yake: wa kwanza, huu tunakwenda kwenye mikaratusi. Wa pili tunarudi. Wa tatu tunakwenda. Wa nne tunarudi, maana yake shina la kwanza la mstari wa nne liko upande wa mikaratusi. Tukaenda kwenye mikaratusi. Shina la kwanza lilikuwepo. La pili lilikuwa limekufa zamani, limebaki shimo lenye majani. Mume wangu akaliruka kwa hesabu. Nikamrudisha, shimo nalo ni shina, mama alilisafisha miaka yote. Na la tatu likawa pale mbele yetu, mgomba mmoja uliopinda, umetobolewa na fukusi, na pembeni yake chipukizi lenye majani membamba kama upanga.

Tukachimba. Hakuna kitu. Tukazunguka shina lote, tukafika kwenye udongo mgumu. Hakuna kigae. Hapo, nitasema ukweli, niliogopa. Nilikuwa nimeshuka mlima kwa maneno makubwa na wanaume wawili nyuma yangu, na huko juu kulikuwa na mtu niliyemwambia alale kidogo. Nikakaa juu ya udongo tuliouchimba. Mume wangu akaniletea maji kwenye jani. Nilipokuwa nakunywa niliona jinsi chipukizi lilivyotoka upande wa chini wa mama yake, na jinsi huyo mama naye alivyokuwa ametoka upande wa chini wa kisiki kilichooza. Kila mtu wa migomba anajua jambo hili, ila ukiwa na wasiwasi unasahau unachokijua. Mgomba hutembea. Binti huota pembeni ya mama, mjukuu pembeni ya binti, na shina ulilolipanda hapa, baada ya miaka unalikuta pale. Lakini kigae hakitembei.

"Chimbeni upande wake wa juu," nikasema. "Huku nyuma, lilikotoka."

Shemeji ndiye aliyepiga jembe. Lilitoa mlio mkavu. Akalitupa jembe, akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akatoa nusu ya chungu iliyopasuka vipande viwili, nyeusi, na alama za kamba shingoni mwake. Alikifuta udongo kigae kile kwa shati lake. Kisha akaniambia, "Shemeji, nilianzia nyumbani." Nikamwambia asijali, kuna wengi.

Tulilichimba chipukizi, tukachonga kitako chake kwa kisu mpaka kikawa cheupe bila tundu hata moja la fukusi, tukampelekea mama pamoja na kigae. Chipukizi hakuligusa kwanza. Alikipapasa kigae, kidole kikafuata zile alama za kamba, kikazunguka, kikarudi, na midomo yake ikawa inasema maneno ya kwao ambayo sikuyajua. Niliona haya kusimama pale, nikatoka kwenda kupakua chakula. Siku hiyo alikula vizuri.

Jioni wanawe walimwuliza wapande wapi. Shemeji alikuwa na mahali pake tayari, nyuma ya jiko, karibu na dirisha la mama, penye majivu na maji ya kuoshea vyombo. Kweli palikuwa pazuri.

"Barabarani," akasema mama. "Kwenye mstari wa wapita njia."

"Mama! Tumeitafuta siku nzima, halafu tuwape wapita njia?"

"Mama yangu alinipa, hakuniuzia. Na mtu wa kwetu akipita, atapita wapi? Nyuma ya jiko?"

Jumatatu vibarua waling'oa kibanja chote, ila mstari ule mmoja. Uliachwa ufe wenyewe, mapengo tukayajaza baadaye kwa miche safi, na katikati yake tukapanda injagi pamoja na vipande viwili vya kigae. Miche ya Rugera tuliipanda baada ya maharage kuvunwa, kwa kamba ya baba mkwe, mistari ileile, na mimi ndiye niliyewafundisha watoto wangu, wa kike na wa kiume, waanzie wapi.

Injagi ilizaa. Mkungu wa kwanza mama alionjeshwa ndizi chache tu, mingine iliyofuata sisi tuliionja mara mojamoja, wapita njia walikula iliyobaki. Sikuwahi kumsikia akiulizia. Aliendelea kuishi, mwembamba, macho yamefungwa kabisa, masikio makali kuliko ya paka.

Kisha ukaja mwaka ule watu wa ng'ambo ya mto walipojaa barabarani. Walipita kutwa, na magodoro, na masufuria, na watoto mgongoni, na wazee kwenye baiskeli. Mstari wetu wa chini uliliwa mpaka maua. Sikuwa na la kusema, ulikuwa wao kabla hawajafika. Siku moja nilikuwa nasafisha mstari uliofuata, kabla ya uji, nikasikia mtu amesimama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto amelala mgongoni, anautazama mkungu mmoja uliobaki, haujakomaa bado. Hakuukata. Aliugusa tu, na akasema polepole, si kwangu, "Injagi."

Jembe liliniponyoka. Lugha yake sikuijua zaidi ya salamu, na yeye Kiswahili hakukijua. Nikamshika mkono nikapanda naye kilimani, kipande cha chini, cha kati, cha juu, anashangaa na mimi siwezi kumweleza. Mlangoni mama alikuwa kwenye kigoda chake. Akasikia miguu miwili migeni, akainua uso.

"Muraho," akasalimu yule mwanamke, na kidole chake kikaonyesha bondeni. "Injagi."

Mama alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, kama mtu anayepokea mzigo kutoka kichwani kwa mwingine. Yule mwanamke akapiga magoti ndani ya mikono ile. Walianza kuzungumza wote kwa pamoja, kilio na kicheko vimechanganyika, na kila mara nilisikia majina ya vilima yakitajwa, mmoja anataja na mwingine anaitikia. Nikashuka na panga. Mkungu ulikuwa haujakomaa, nikaukata hivyohivyo. Nikaumenya wote, nikaupika, nikawapakulia yule mwanamke na mtoto wake na wengine aliowaita kutoka barabarani, mpaka sufuria likabaki tupu.

Walipoondoka, mama aliniita.

"Mkamwana, zimebaki ngapi?"

"Sikuhesabu, mama."

Akacheka, akanitafuta kwa mkono, akanipata shavuni.